Siku Arobaini na Moja

Likombe, Mtwara
20 Oktoba 2024

Mpwa wangu Mwanahamisi,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana shikamoo yako itafika lini anajua Mungu na Bakari kondakta. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja na mbu wa kutosha. Msalimie dada yangu, mama yako. Msalimie na mke wangu Bi Ashura, umwambie korosho azianike kwanza ndipo aanze kunisema. Vyote viwili vinataka muda.

Sasa jambo lenyewe. Umenikataza kupiga simu. Ulisema, "Mjomba, ukipiga utasema mzima, nami nitasema mzima, tutaagana. Andika." Nimetii, ingawa kwetu mjomba ndiye anayeamuru. Lakini mtu aliyefundishwa na mpwa wake miaka miwili pale barazani, mpaka akafaulu kidato cha nne akiwa na miaka arobaini na nne, atasimamia desturi gani?

Siku ya kwanza hapa chuo cha kilimo niliingia darasani nimevaa ile suruali ya Idi. Wanafunzi wote hamsini na wawili wakasimama wakaniamkia kwa Kiingereza. Nikawaambia kaeni. Wakakaa. Kisha nikapita katikati yao nikaenda kukaa nyuma kabisa. Shingo hamsini na mbili zikageuka pamoja. Aliyecheka wa kwanza ni binti mmoja wa Newala, anaitwa Yustina. Wamemchagua kiongozi wa darasa, na mimi nilimpigia kura. Mtu anayecheka mapema huwa hana kinyongo baadaye.

Mkufunzi wa magonjwa ya mazao ni Bwana Kasiani. Ana miaka kama thelathini, na anasema Kiingereza kama anayekimbiza kuku. Lakini anatugawia makaratasi, wenyewe wanayaita madesa, na makaratasi hayakimbii. Hapo nimeona njia yangu.

Watoto wako wa darasa la nne wanaendeleaje?

Mjomba wako,
Asadi


Mahurunga
3 Novemba 2024

Shikamoo Mjomba,

Huku wazima. Bi Ashura ameanika korosho na bado anakusema. Anaviweza vyote kwa pamoja. Mama anauliza kama unakula. Anasema mtu mzima akienda chuo husahau kula kama mtoto aliyepewa mpira.

Nimecheka hiyo ya suruali mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia. Lakini sikukutaka uandike ili unichekeshe. Nakupa kazi, Mjomba. Kila juma chagua jambo moja ulilojifunza, funga daftari, uniandikie kwa Kiswahili kana kwamba unamweleza Bi Ashura. Likikushinda kumweleza yeye, ujue hujalielewa bado. Tena tafuta kikundi cha kujadiliana. Na Bwana Kasiani akiuliza kama kuna swali, nyoosha mkono. Usikae kama mgeni msibani.

Nakuombea dua,
Mwanahamisi


Likombe
1 Desemba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Nakula. Mwambie dada yangu hapa kuna mama muuza mihogo ambaye amenizoea hata hanisalimii tena, ananiuliza tu, "Ya chumvi?"

Wenzangu wanakesha. Wanapika chai nyeusi kama lami, wanasoma mpaka alfajiri, na asubuhi wanalala mezani mbele ya Bwana Kasiani. Mimi nalala baada ya Isha naamka saa kumi na moja, saa ile ile ya kupulizia mikorosho unga wa salfa. Mwili wangu una ratiba ya miaka ishirini. Nimeona nisigombane nao. Kwa hiyo wao wanalala darasani, mimi nalala kitandani. Mpaka sasa naongoza.

Ama ile kazi yako ya kuandika kwa Kiswahili, nimeifikiria nikaona ni ya wasiojiweza. Mimi nahifadhi. Desa la magonjwa ya mikorosho lina kurasa kumi na moja, nimelihifadhi lote kwa Kiingereza chake, tangu kichwa cha habari mpaka nukta ya mwisho. Utauliza maana. Maana itakuja. Yasini niliihifadhi nikiwa na miaka tisa kwa Maalim Fikirini, maana nikaipata nina thelathini. Hapo katikati nimewasomea wafu wa kijiji kizima na hakuna aliyelalamika.

Kuna namba moja ukurasa wa saba hainiingii, lakini nani kaniuliza.

Kikundi cha Yustina wameniita mara mbili. Wanapiga kelele sana, kila mmoja anamkatiza mwenzake. Siwezi kujifunza kwa watu ambao hawajui bado.

Hukuniambia habari za darasa lako.

Asadi


Mahurunga
26 Desemba 2024

Shikamoo Mjomba,

Korosho zimekwisha, mvua imeanza, mama amepanda mpunga bondeni.

Darasa langu wazima.

Namba gani hiyo ya ukurasa wa saba?

Mwanahamisi


Likombe
9 Machi 2025

Mpwa wangu mpendwa Mwanahamisi,

Marahaba, na marahaba tena kwa zile shikamoo ambazo sikuzijibu tangu Desemba. Ramadhani karimu. Nakusalimia sana. Namsalimia mama yako, dada yangu, na mpunga wake. Nimesikia kiboko ametoka mtoni akala robo ya shamba. Mpe pole, na huyo kiboko naye msalimie, maana ni kiumbe wa Mungu na yuko kwenye mfungo wake mwenyewe. Namsalimia Bi Ashura, mke wangu, mama wa wanangu, mshika taa wangu. Msalimie na imamu, na wote wa safu ya mbele msikitini, na wa safu ya pili wale wanaowahi kutoka. Msalimie na mwalimu wako mkuu, ingawa hatufahamiani. Hapa Likombe tunafuturu kwa mihogo na uji. Mvua inanyesha usiku, inakatika asubuhi, inarudi mchana. Bajaji zimepanda bei kwa sababu ya matope. Yustina na wenzake wanakusalimia ingawa hawakujui. Mbu pia hawajambo.

Mitihani ilifanyika mwezi uliopita.

Karatasi imeniishia.

Asadi


Mahurunga
21 Machi 2025

Shikamoo Mjomba,

Salamu zako zimejaza ukurasa mzima. Umemsalimia hata kiboko. Nimekusoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea Bi Ashura. Akasema, "Huyu siku akitaka kuniambia amevunja kitu, huanza kwa kumsifu mama yangu."

Mjomba, umefanya nini?

Mwanahamisi


Likombe
6 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba, na Idi njema iliyopita. Leo salamu ni hiyo moja.

Nimeshtakiwa kuiba mtihani.

Swali la kwanza la Bwana Kasiani lilitaka tueleze namna ya kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa maua ya mikorosho. Mimi nikaandika desa. Lote, Mwanahamisi, herufi kwa herufi, kwa Kiingereza chake. Niliandika hata pale chini panaposema "endelea nyuma ya karatasi". Niliandika hata namba za kurasa. Mitihani iliposahihishwa wakaniita, wakasema hakuna binadamu anayeweza kuandika hivi bila kuangalizia. Wakanivua kofia wakatazama ndani. Wakatazama na mfuko wa kanzu, wakakuta tasbihi na ganda la karanga.

Kamati ya nidhamu ikakaa kati ya Ramadhani, mkuu wa chuo mwenyewe yuko mbele. Wakasema nikionekana nimeiba, nafukuzwa siku hiyo hiyo. Nikawaambia, "Karatasi lenu shikeni nyinyi, mimi nasoma." Nikafumba macho, nikaanza ukurasa wa kwanza kama nilivyokuwa nikianza mbele ya Maalim, na kuyumba nikayumba. Yustina, aliyekuja kama kiongozi wa darasa, anasema nilipofika ukurasa wa tatu mkuu wa chuo alinyanyua mkono niishie hapo. Sikumwona. Nilikuwa nimefumba, nikaendelea mpaka ukurasa wa nane alipopaza sauti:

"Basi mzee! Basi! Tumeamini!"

Nikafumbua. Nikajua nimeshinda. Kisha Bwana Kasiani akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu kabisa, kuku wake siku hiyo wote wamelala:

"Mzee Asadi, shambani kwako salfa unapulizia kila baada ya siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Na hapa ukurasa wa saba umesoma siku ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Ni kosa langu la kuchapa. Nililisahihisha darasani, kila mtu akakata akaandika kumi na nne. Siku ile ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Sasa kwa nini uliandika arobaini na moja?"

"Kwa sababu ulisema kwa mdomo. Karatasi lilikuwa halijasema kitu."

Hakuna aliyecheka, hata Yustina. Mwanahamisi, wewe ulisoma kwa Maalim Fikirini mwaka mmoja tu. Mimi nilisoma sita. Kule ukigusa hata irabu moja ya kitabu unakula bakora ambayo hutaisahau. Nilipoona ile namba, mkono wangu ulikuwa na kalamu, na nilijua kabisa ni kosa, na mkono ukakataa. Nani mimi nikate maandishi?

Wizi wamenifutia. Lakini alama ni kumi na tisa katika mia, maana maswali mengine yaliuliza "kwa nini" na mimi nikayajibu kwa kuwaandikia desa lile lile. Narudia mtihani tarehe kumi Juni. Nikianguka tena, ndiyo basi.

Njiani kurudi nilijiona kama mtu aliyeacha viatu nje ya msikiti, akatokea mlango mwingine, akaenda nyumbani peku. Miaka ishirini yangu ya salfa niliiacha pale getini siku ya kwanza, nikidhani ndani haitakiwi.

Usimwambie Bi Ashura.

Asadi


Mahurunga
29 Aprili 2025

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imekaa siku kumi na nane njiani, pale Kilambo, barabara ilikatika. Kiboko amerudi, mama amemtupia sufuria. Kiboko hajambo, sufuria haijambo sana.

Bi Ashura nimemwambia. Samahani. Alikuwa amekaa pembeni yangu nilipoifungua.

Nami nina langu. Umeniuliza mara mbili habari za darasa la nne, nikakukwepa. Mwaka jana wakaguzi walikuja. Watoto wangu waliwaimbia majedwali ya kuzidisha mpaka dari likatikisika, mkaguzi akapiga makofi. Kisha akamwita mtoto mmoja mbele, akampa maembe sita, akamwambia awagawie watoto watatu sawasawa. Mtoto akaanza kuimba. Mjomba, aliimba jedwali la sita lote huku ameshika maembe.

Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo. Na pale barazani, muda ulipokuwa mfupi, nilikuletea mitihani ya miaka kumi iliyopita nikakwambia "hifadhi haya, yatajirudia". Yakajirudia, tukashangilia. Usimlaumu Maalim. Mimi ndiye niliyekuharibu. Ndiyo maana nilitaka uandike kwa Kiswahili. Nilikuwa najaribu kurekebisha kimyakimya nisilazimike kukwambia.

Sasa swali la Bi Ashura, nalinukuu kama lilivyo: "Muulize huyo msomi. Miaka ishirini ananitoa kitandani alfajiri nikamshikie taa na kumjazia salfa kwenye mashine. Kwa nini alfajiri? Kwa nini siyo saa tatu, mtu ameshakunywa chai?"

Mjibu yeye. Daftari limefungwa.

Mwanahamisi


Likombe
18 Mei 2025

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole ya sufuria.

Swali la mke wangu limenikalisha siku tatu. Nilikuwa najua ni alfajiri kwa sababu aliyenifundisha alipulizia alfajiri. Sikuwahi kumuuliza, naye nadhani hakuwahi kuuliza wake. Nikaenda maktaba, nikakaa na kamusi. Kisha nikafanya lile nililoapa sitafanya: nikaenda kwenye kikundi cha Yustina.

Nikawauliza, kwa nini alfajiri? Wakaanza kupiga kelele, kila mmoja anamkatiza mwenzake. Safari hii nami nikamkatiza mtu. Ni raha ambayo sikuijua. Kumbe wao wanayajua maneno ya kitabuni na hawajawahi kushika mashine; mimi nimeshika mashine na maneno yake sikuwa nayo. Tumekuwa tukiketi kila siku saa kumi na moja alfajiri, maana niliwaambia kama wananitaka waamke. Wanne wameamka. Yustina anakuja na mto, lakini anakuja. Tena darasani nimenyoosha mkono mara mbili. Mara ya kwanza Bwana Kasiani aligeuka nyuma kuangalia kama ninamwonyesha nyoka.

Basi msomee Bi Ashura:

Mke wangu, salfa haiponyi. Inakinga. Ua tulilolipulizia ni kama mtu aliyevaa koti la mvua. Ua litakalochanua kesho liko uchi. Mkorosho hautoi maua yote kwa siku moja, unatoa kidogo kidogo. Tukikaa siku kumi na nne, yaliyo uchi yanakuwa mengi na lile koti la zamani limeshachakaa, kwa hiyo tunarudi. Tukikaa arobaini na moja, tutakuta ugonjwa umeshatandika mkeka. Na alfajiri ni hivi: upepo umelala, na maua yana umande. Unga unapanda mpaka kileleni, unatua taratibu, umande unaushika. Tukingoja saa tatu baada ya chai yako, upepo utaamka, na tutakuwa tunawapulizia mikorosho Wamsumbiji ng'ambo ya Ruvuma.

Hilo sikulitoa desani tu. Nimelitoa kwenye desa, na kwa Yustina, na kwenye mikono yako uliyonishikia taa.

Imebaki siku ishirini na tatu.

Asadi


Mahurunga
1 Juni 2025

Shikamoo Mjomba,

Nilimsomea. Alikuwa anatwanga. Akasimamisha mchi, akasema: "Kumbe."

Nimefundisha miaka minane, sijawahi kupewa "kumbe" na mtoto hata mmoja. Juzi nimepeleka mihogo darasani, tumegawana, hatukuimba.

Nenda kwenye huo mtihani, Mjomba. Umeshaufanya.

Mwanahamisi


Likombe
22 Juni 2025

Mpwa wangu Mwanahamisi,

Marahaba. Wasalimie wote kwa jumla. Utaona mwenyewe hakuna jambo ninalolificha.

Tarehe kumi tuliingia watu saba tunaorudia. Msimamizi alikuwa mama mmoja wa idara nyingine. Nikasoma karatasi taratibu, kama ulivyonifundisha, swali kwanza na kalamu baadaye. La kwanza likanielekea. La pili nikalipenda. La tatu lilisema: "Ubwiri unga hushambulia mikorosho wakati wa mavuno. Eleza namna ya kuuzuia."

Wakati wa mavuno, Mwanahamisi. Wakati ambapo maua yamekwisha, salfa imekwisha, na Bi Ashura anaanika korosho. Nikalitazama lile swali. Limechapwa vizuri, lina mhuri wa chuo juu. Mkono wangu ukaanza ukaidi wake wa zamani. Nikauambia, na wewe ulipulizia, ulikuwepo.

Nikaunyoosha.

"Mama, swali la tatu limekosewa."

"Mzee, jibu kama lilivyo."

"Likiwa kama lilivyo halijibiki. Ugonjwa huu unakuja wakati wa maua. Mwite mwenyewe."

Akaitwa. Bwana Kasiani akaja, akasoma, akavua miwani akaifuta, akasoma tena. Kisha akaenda ubaoni akaandika "wakati wa maua", akapigia mstari. Alipopita kwenye meza yangu aligonga ubao wa meza mara moja kwa kidole. Mpaka leo sijui kama alikosea au alinitega. Nimemwuliza Yustina, naye anasema mtu mzima haulizi mambo mengine.

Matokeo yametoka Ijumaa. Sitini na nane. Mwaka wa pili naanza mwezi wa kumi, na kikundi cha saa kumi na moja sasa kina watu kumi na mmoja, wawili wamekuja na mito.

Nimerudisha humu ndani ile barua yako ya Aprili. Utaona nimeishughulikia kwa kalamu nyekundu. Pale ulipoandika "mimi ndiye niliyekuharibu", nimekata. Siku hizi nakata. Pembeni nimeandika jibu sahihi, ulisome mwenyewe, ni refu kidogo na sikulihifadhi kutoka popote. Nimekupa alama nusu kwa sababu ya mwandiko.

Nafika Jumamosi na basi la Bakari. Mikorosho najua imeshaanza kutoa maua. Mwambie Bi Ashura atafute betri za taa, na Jumapili aamke saa kumi na moja bila kunisema. Akitaka kunisema, aniulize.

Mjomba wako,
Asadi